Kungoja Neno Liishe

Katika adabu zote za mazungumzo hakuna iliyo nyepesi kutajwa na nzito kutimizwa kama kusikiliza. Kusema, mtoto hufundishwa kwa furaha ya nyumba nzima. Kusikiliza hujifunza baadaye, na mara nyingi kwa kukaripiwa. Mtu ajuaye kusikiliza hutambulikana kwa jambo moja dogo: hajibu kabla ya kujua kwamba mwenziwe amekwisha kusema. Mwenziwe akinyamaza ili kuvuta pumzi, naye hunyamaza. Akinyamaza kwa sababu amefika mwisho, ndipo hufungua kinywa. Vimya viwili hivi huweza kuwa na urefu mmoja kwa saa, lakini maana zao ziko mbali kama mashariki na magharibi.

Mambo haya tulizoea kuyatafuta kwa wazee barazani na kwa walimu darasani. Siku hizi hatuna budi kuyatafuta katika simu za mkononi vilevile. Mwanafunzi wa Kiswahili hubeba kamusi mfukoni mwake, na kamusi hiyo humsikiliza kwa ncha ya kidole. Kila agusapo kioo, jambo limetukia; na watengenezaji wa programu huliita kwa jina hilohilo, tukio. Insha hii yahusu namna programu ya simu ipokeavyo matukio ya kioo, na hasa njia moja ya kuyapokea ambayo katika miaka ya karibu imeenea sana. Wenyewe huiita kwa jina lenye maana ya kuitikia. Mimi nitaiita njia ya mikondo, kwa sababu ambayo msomaji ataiona mbele. Naandika kama mwalimu wa lugha, si kama fundi wa kompyuta. Lakini fundi amekwisha kuingia katika nyumba ya lugha, tena kwa mlango wa mbele, na mwenye nyumba hawezi kujifanya hakumwona.

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mmoja wao, binti aliyezaliwa na kukulia pwani, aliandika habari za bibi yake asiyejua kusoma, na barua iliyofika nyumbani ikakaa siku nyingi bila ya kufunguliwa. Katika sentensi iliyobeba uzito wa habari yote palikuwa na neno lililopigwa mstari wa kufutwa: hawakumsomea. Juu yake aliandika maneno mengine: hawakusoma barua kwa ajili yake. Nilimwita nikamwuliza kwa nini amelifuta neno zuri na kuweka maelezo marefu mahali pake. Akajibu kwa unyenyekevu kwamba alilitafuta katika kamusi ya simu, na simu ikamwambia kuwa neno hilo halipo.

Jibu lile lilinikaa moyoni. Binti huyu amelisikia neno hilo na mfano wake tangu utotoni. Mama yake amelisema, bibi yake amelisema, naye mwenyewe amelisema mara zisizo na idadi. Lakini ushahidi wa watu wote hao ulishindwa na ushahidi wa kioo kimoja. Lugha haipungui kwa kukosa maneno tu. Hupungua pia wenyewe wanapoanza kuyaonea haya maneno waliyo nayo.

Nikamwomba anionyeshe. Akafungua programu, akaanza kuliandika neno lile taratibu, nami nikitazama. Alipofika herufi ya 4 kioo kilionyesha hawa, kikafasiri kwamba ni neno la kuonyesha watu walio karibu. Kikaleta na hawala na hawara, ambayo hakuyauliza. Alipogusa herufi ya 5 yalitokea maandishi mekundu: Neno hili halipo. Maandishi hayo yalibaki katika herufi ya 6, ya 7, ya 8, mpaka mwisho. Kila herufi moja, hukumu moja. Kabla ya neno kutimia, mwenye kuliandika alikuwa amekwisha kukanushwa mara saba.

Hesabu ya neno lenyewe yafunua sababu. Hawakumsomea lina herufi 12. Saba za kwanza hazina habari ya kusoma hata kidogo: ha ni ukanusho, wa ni watendaji, ku ni wakati uliopita katika ukanusho, m ni mtendewa. Mzizi som waanza katika herufi ya 8, na nyuma yake yaja e ya kutendea na a ya kumalizia. Kiswahili, kama ndugu zake wa Kibantu, hukitanguliza kitendo kwa msafara wa viambishi: hutuambia kwanza ni nani, ni lini, na ni kwa nani, kisha hutuambia ni nini. Katika Kiingereza na lugha nyingi za Ulaya, aghalabu shina la kitendo hutangulia na viambishi hufuata nyuma. Mashine iliyotengenezwa kwa desturi ya lugha hizo hutumaini kwamba herufi tatu au nne za kwanza zatosha kubashiri neno. Kwetu herufi tatu za kwanza za kitendo aghalabu hazibashiri chochote ila mtendaji na wakati wake.

Wala ugumu hauishi kwenye mzizi. Tazama asoma na asome. La kwanza latoa habari, kwamba mtu yuko katika kusoma. La pili latoa ombi, au amri, au tumaini. Herufi 4 ni zilezile, kwa mpango uleule; habari na tumaini hutengana katika herufi ya 5, nayo ndiyo ya mwisho. Msikilizaji akataye neno kabla ya irabu ya mwisho hajui kama ameelezwa au ameombwa.

Sasa yafaa tutazame fundi alivyofanya, maana hakufanya kwa ubaya. Kwa miaka mingi programu zenye kioo zimeandikwa kwa mtindo ambao wataalamu wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, waliueleza katika kitabu chao cha mwaka 1994 kwa jina lenye maana ya mtazamaji. Kitu kimoja huwa na habari. Vitu vingine hujiandikisha kwake. Habari ikibadilika, kila aliyejiandikisha huarifiwa. Kisanduku cha kuandikia ndicho chenye habari, na kipande kidogo cha programu ndicho mtazamaji wake. Herufi ikiguswa, mtazamaji huamka, hufanya kazi yake, hulala tena. Ni mtindo mwema, na ungali watumika kila mahali. Upungufu wake ni kwamba mtazamaji huamshwa na kila tukio peke yake. Hana kumbukumbu ya tukio lililotangulia wala tazamio la litakalofuata. Akitaka kujua kama mwandishi ametulia, hana budi kuweka saa pembeni. Akitaka kujua kama jibu lililofika ni la swali la sasa au la zamani, hana budi kuweka alama pembeni. Na baada ya muda pembeni pamejaa saa na alama hata aliyeziweka hazitambui.

Njia ya mikondo haiongezi nguvu za mtazamaji. Hubadili mahali asimamapo. Mguso mmoja hautazamwi tena kama kitu kilicho peke yake, bali kama tone la mkondo utiririkao pamoja na wakati. Mkondo huo waweza kuchujwa, kugeuzwa, kupunguzwa kasi, na kuunganishwa na mwingine. Mkulima wa Kichagga katika miteremko ya Kilimanjaro halifuati kila tone la maji mpaka shambani. Hufungua mfereji hapa, huuziba pale, na matone hujifuata yenyewe. Ndivyo afanyavyo mtengenezaji wa programu kwa njia hii: hachimbi njia ya kila mguso, huchimba mfereji mmoja wa miguso yote.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1979 lilipotoka jedwali la hesabu la kompyuta liitwalo VisiCalc, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston, watu waliona nambari moja ikibadilishwa na jumla zote zilizoitegemea zikabadilika bila ya kuamriwa moja moja. Mwaka 1997 Conal Elliott na Paul Hudak walichapisha makala juu ya kueleza picha zinazokwenda kwa thamani zenye kubadilika pamoja na wakati. Erik Meijer, mtaalamu wa Kiholanzi aliyekuwa Microsoft, pamoja na wenzake, waliliweka wazo la mikondo ya matukio katika zana za kazi za kila siku, zilizotolewa kwa watu mwaka 2009. Mwaka 2013 Netflix ilitoa bure zana iitwayo RxJava, na kwa mlango huo mikondo ikaingia kwa wingi katika simu za Android. Mwaka 2019 Apple ilitangaza Combine kwa ajili ya simu zake, na mwaka huohuo lugha ya Kotlin ikapata Flow iliyokomaa. Leo ni taabu kumkuta mtengenezaji wa programu za simu asiyeijua walau moja ya zana hizi.

Katika mafundisho ya Meijer liko jambo lililonipendeza kuliko mengine. Alionyesha kwamba mwenye kutazama mkondo na mwenye kuhesabu orodha ni pacha, ila wamegeuziana migongo. Mwenye orodha huenda kisimani kuteka: akitaka kimoja, huchukua kimoja. Mwenye mkondo hukaa chini ya bomba: hupewa kijapo, wala hawezi kukihimiza. Ikiwa hivyo, yote tuyajuayo juu ya orodha, kama kuchagua, kugeuza na kuunganisha, yaweza kutumiwa juu ya mambo ambayo hayajatukia bado. Mwalimu wa sarufi akilisikia hili hutabasamu, maana lugha yake imelijua siku nyingi. Programu ya desturi huandikwa kwa kauli ya amri: chukua, weka, onyesha. Programu ya mikondo huandikwa kwa kiambishi chetu cha -ki-: herufi ikija, kimya kikipita, jibu likifika. Asemaye kwa -ki- hajui saa ya jambo wala hana haja ya kuijua. Ameweka tayari la kufanya, kisha anangoja.

Kijana aliyetengeneza kamusi ile, alipopata habari za malalamiko, alikuja ofisini kwangu mwenyewe bila ya kuitwa, tukaketi alasiri nzima na karatasi mezani. Alinichorea mkondo wa herufi zitokazo kidoleni, na juu yake vichujio vitatu alivyokusudia kuviweka.

Kichujio cha kwanza hungoja utulivu. Kila herufi ijapo, saa huanza upya. Muda uliowekwa ukipita bila ya herufi nyingine kuja, ndipo yaliyoandikwa hupitishwa mbele. Kwa mwandishi mwenye vidole vyepesi, hawakumsomea hupita kama swali moja, si kama maswali 12. Kichujio cha pili hukataa marudio. Mwanafunzi akiongeza herufi na kuifuta upesi, neno lililobaki ni lilelile la kwanza, wala hakuna faida ya kumsumbua mtunza kamusi kwa swali alilokwisha kulijibu.

Kichujio cha tatu hushika la mwisho na kuachilia yaliyotangulia, nacho kina hadithi yake. Kamusi za namna hii aghalabu huuliza seva iliyo mbali, na maswali yatokayo kwa zamu hayarudi kwa zamu. Mwanafunzi aandika paka, anatua kidogo, swali linakwenda. Kisha aendelea mpaka pakacha. Swali la pili linakwenda. Mtandao wafanya upendavyo: jibu la pakacha latangulia kufika, jibu la paka laja nyuma yake, nalo kwa kuwa limefika mwisho, ndilo linalokaa kiooni. Mtu aliyeuliza chombo kisukwacho kwa makuti ya kubebea nazi asomeshwa habari za mnyama alaye panya. Hakuna aliyesema uongo katika jambo hili. Kila jibu ni la kweli kwa swali lake. Kosa liko katika kukutanisha jibu na swali lisilo lake. Kichujio cha tatu huondoa fitina hiyo kwa sheria moja: swali jipya likija, la zamani huachwa, na jibu lake likifika halipokewi.

Kazi hizi tatu zaweza kufanywa kwa mtindo wa zamani, kwa saa na alama za pembeni. Katika njia ya mikondo huandikwa kwa mistari mitatu, mmoja chini ya mwingine, na asomaye huiona safari ya neno toka kidoleni hadi kiooni kwa kupitisha jicho mara moja. Uwazi huo ni faida isiyo ndogo. Programu, kama sheria, husomwa na watu wengi kuliko walioiandika.

Nilipouliza muda wa kungoja ni kiasi gani, kijana alijibu upesi.

"Milisekunde 300, Mwalimu. Ndiyo desturi ya wengi."

"Zamtosha nani, mwanangu?"

Akafikiri, kisha akacheka. "Zamtosha ajuaye anachotaka kuandika."

Jibu hilo lilikuwa na hekima kuliko alivyodhani. Tuliwaita wanafunzi wachache waandike mbele yetu. Mmoja aliandika kwa vidole gumba viwili, na kimya chake chote kilikuwa kifupi kuliko saa ya kijana. Mwingine aliandika kwa kidole kimoja, akafika hawakum, akasimama. Hakuchoka wala hakumaliza; alikuwa akijiuliza kama m yapaswa kuwapo. Kusimama kwake kulizidi sekunde nzima, na kioo kikamhukumu papo hapo alipokuwa akifikiri. Kama tungalirefusha saa ili kumsitiri huyu, yule wa kwanza angaliona kamusi nzito yenye kusinzia. Kama tungaliifupisha ili kumridhisha yule, huyu angalikatwa kauli kila neno. Hakuna kipimo cha saa kiwezacho kuwatendea haki wote wawili, kwa sababu saa hupima urefu wa kimya, haipimi maana yake.

Kwa hiyo dawa haikuwa kutafuta nambari bora. Ilikuwa kuitenga mikondo miwili iliyochanganywa. Mkondo wa kwanza ni wa vituo. Mwandishi akitulia kidogo, kamusi yaruhusiwa kupendekeza, kwa maandishi ya kijivu yasiyopiga kelele: huenda watafuta hili, au hili. Mkondo wa pili ni wa hitimisho. Mwandishi akigusa kitufe cha kutafuta, au akiacha nafasi baada ya neno, amesema kwa kidole chake mwenyewe kwamba amemaliza. Na hapo tu kamusi yaruhusiwa kusema imepata au haikupata. Mikondo hii huunganishwa mbele na kufuata mfereji mmoja, lakini kila tone hubeba alama ya chanzo chake, ili pendekezo lisigeuke kuwa hukumu njiani. Kwa mtengenezaji wa programu hiyo ni mistari michache ya kuongeza. Kwa mwanafunzi ni tofauti ya kukaa na mwenzi asikilizaye na kukaa na mwenzi akatizaye.

Haifai nimwache msomaji akidhani kwamba kungoja pekee kuliliokoa neno. Hata lilipotimia, kamusi ile isingaliliona, kwa maana ilitafuta kwa kulinganisha herufi za mwanzo tu. Hapana budi ilifundishwa kuvua viambishi na kuufikia mzizi, na kazi hiyo ni ya sarufi, si ya mikondo. Walakini kazi ya pili isingalifaa bila ya ya kwanza. Huwezi kuvua viambishi vya neno ambalo nusu yake ingali kidoleni. Kusikiliza hutangulia kufahamu, katika mashine kama katika watu.

Kuna mambo mengine matatu ambayo kijana alinieleza, na kila moja lina adabu yake. La kwanza ni kwamba sheria ya mikondo hii ni kali: mkondo ukipatwa na kosa lisiloshughulikiwa, hukoma moja kwa moja. Mtandao ukikatika mara moja tu, ndani ya daladala au katika chumba cha bweni, kisanduku cha kutafutia chaweza kuwa kiziwi. Mwanafunzi huandika tena na tena wala hajibiwi, mpaka aifunge programu na kuifungua upya. Fundi mwema huzuia kosa ndani ya swali lile moja, ili swali lianguke na mkondo uendelee. Mtu aliyekwazwa kwa neno moja akaacha kusikiliza maneno yote amewanyima haki waliobaki.

La pili ni kujua kuondoka. Aliyejiandikisha kusikiliza hana budi kujiondoa ukurasa wake ukifungwa. Katika Android, mtu akiigeuza simu upande, ukurasa aliokuwa akiutazama kwa kawaida huvunjwa na kujengwa upya; msikilizaji asiyefunguliwa huendelea kuushika ukurasa uliokwisha kufa, kumbukumbu ya simu hujaa mizigo isiyo na wenyewe, na chombo hulemewa. Baraza likivunjika, hata msikilizaji hodari huenda zake.

La tatu ni kutojishughulisha hata ukashindwa kuitika. Kioo cha simu nyingi huchorwa upya mara 60 kwa sekunde, yaani kila mchoro una milisekunde 16 hivi. Kazi ya kuchora na kazi ya kupokea miguso zafanywa na uzi mmoja, uitwao uzi mkuu. Uzi huo ukitumwa kwenda kungoja jibu la seva, kidole hugonga na mlango haufunguliwi; na zikipita sekunde 5 bila ya mguso kupokewa, Android humwarifu mwenye simu kwamba programu haiitiki. Katika njia ya mikondo, safari ya kwenda kwenye seva hupewa uzi mwingine, na jibu tu hurejeshwa kwa uzi mkuu likachorwe. Mwenyeji hubaki mlangoni; wa kutumwa hutumwa.

Yote haya ni sifa, na sifa bila ya kipimo ni nusu ya uongo. Njia ya mikondo ina gharama zake. Kitufe kifunguacho ukurasa mmoja hakihitaji mfereji. Mtazamaji wa zamani amtosha. Kosa likitokea ndani ya mikondo iliyounganishwa mara nyingi, kuifuata alama yake hadi chanzo ni kazi ya kuchosha, kwa kuwa njia imepita katika mikono mingi ya zana kabla ya kufika kwa mwandishi. Tena anayeanza kujifunza hukuta vichujio kwa makumi, vingine vikifanana kwa jina na kutofautiana kwa tabia. Akishika kisicho chake, maswali hurundikana mahali pa kuachwa, au huachwa mahali pa kungojwa. Katika kutafuta neno ni sawa kuliacha swali la zamani. Katika kutuma fedha kwa simu, kuliacha agizo la kwanza kwa sababu la pili limefika kwaweza kuwa balaa. Chombo hakimfundishi mtu lipi linafaa wapi. Hilo hufundishwa na maana ya jambo.

Na hapo ndipo panapotuhusu sisi wa lugha. Muda wa kungoja, alama ya kumaliza, rangi ya jibu, na maneno ya jibu lenyewe, yote hayo huonekana kama mambo ya ufundi, nayo huamuliwa na mafundi kwa sababu wenye lugha hawakuwapo mezani. Lakini kila moja ni uamuzi juu ya lugha. Mwenye kuweka milisekunde 300 ameamua mtu achukue muda gani kulifikiri neno lake. Mwenye kutafuta kwa herufi za mwanzo ameamua maana ikae wapi katika neno. Mwenye kuandika kwa wino mwekundu ameamua nani awe mwamuzi. Wanafunzi wetu wa isimu wajuao mpango wa viambishi, na wenzao wa kompyuta wajuao mpango wa mikondo, husoma katika majengo yaliyo karibu, na mara nyingi hawapigiani hodi. Kamusi ile moja ilitengenezwa upya kwa alasiri chache za kupigiana hodi na miezi kadhaa ya kazi.

Yalibaki maandishi mekundu. Kijana alikuwa tayari kuyahamisha mpaka mwisho wa neno, lakini maneno yenyewe alikuwa hajayagusa: Neno hili halipo. Hii ni sentensi fupi yenye madai makubwa. Hudai kwamba msemaji wake ameizunguka lugha yote, pwani na bara, visiwani na mijini, katika vinywa vya wavuvi na wa vitabu, akarudi mikono mitupu. Hakuna kamusi iwezayo kuapa hivyo, ya karatasi wala ya kioo. Nikamshauri aandike: Sijalipata neno hili. Halipo ni habari ya neno. Sijalipata ni habari ya mtafutaji. Tena kiambishi -ja- ni katika neema za sarufi yetu: hukanusha bila ya kufunga mlango, na husema kwamba ambalo halijawa leo laweza kuwa kesho.

Kijana alibadilisha rangi, akabadilisha na maneno. Kisha akafanya jambo ambalo sikumshauri. Maneno yasiyopatikana, kwa ruhusa ya walioyaandika, aliyapitisha katika mkondo mwingine uendao kwenye meza ya wahariri wa kamusi, wakayasome mmoja mmoja na kuulizana. Tangu hapo neno lisilojulikana haliishii kwenye ukuta. Huja mezani likiwa limetimia, na irabu yake ya mwisho ikiwa mahali pake, nao humwuliza aliyelileta lina maana gani kwao.